Mimi Nimestaafu, Bomu Halijastaafu

Vijana wangu wa kikundi cha historia, mlikuja nyumbani kwangu Kisesa mkiwa sita, mkanywa maziwa yangu, mkaniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu katika vita vya Kagera kwa ajili ya maonyesho yenu pale Mkuyuni. Mkasema mnataka habari za vifaru, za makombora ya saba saba, za mizinga, na za “siku ile tulipowanyoosha”. Mmoja wenu akaniuliza ni silaha gani niliipenda kuliko zote. Niliipenda! Nilinyamaza, maana mgeni hafokewi akiwa bado ameshika kikombe. Sasa vikombe vimeshaoshwa, kwa hiyo leo nawafokea.

Nimeziangalia video zenu. Mjukuu wangu alinifungulia kwenye simu yake. Mnaitangaza vita kama mechi ya mpira. Kuna muziki, kuna mshale mwekundu unakwenda kaskazini kwenye ramani, kuna sauti inayopiga kelele kana kwamba mtu amefunga goli. Mmepanga silaha kwa ukubwa, mnashindana nani anajua mtutu wa mzinga una kipenyo gani. Mnajua vyuma vyote. Watu waliokaa karibu na vyuma hivyo hamna habari nao, na hilo ndilo linalonikera.

Mimi sikuwa mtu wa mizinga. Nilikuwa kikosi cha uhandisi, watu wa kuunga madaraja na kutegua mabomu. Wenzetu wakishapita barabarani kwa kishindo na nyimbo, mjue sisi tulishapita hapo kabla yao, kwa matumbo. Hakuna aliyetuimbia wimbo. Ni vigumu kumwimbia mtu ambaye kutwa nzima ameuelekeza mgongo juu.

Nianze na mafunjo, kwa sababu najua hamjawahi kuyasikia kwenye video yoyote. Daraja la Kyaka lilipovunjwa, jeshi lilihitaji njia ya kuvukia mto Kagera, tukaunga daraja la kuelea. Unaweka maboya ya chuma majini, unayaunganisha, unatandika mbao juu, magari yanapita. Mnalijua daraja hilo, mmeliweka kwenye ramani yenu. Jambo msilolijua ni kwamba mto ule huleta visiwa. Mafunjo yakishikana mizizi na udongo, mvua inayang'oa huko juu, yanateremka kipande kizima kikubwa kama uwanja wa nyumba, ndege wakiwa bado wamekaa juu yake. Kisiwa cha namna hiyo kikilala kwenye daraja la kuelea, kinalisukuma mpaka linakatika. Basi tukapangwa watu wenye miti mirefu, kazi yetu ni kuvisukuma visiwa vipite mwanya uliofunguliwa. Adui yuko ng'ambo, ana bunduki, na sisi tunapigana na majani!

Mwenzangu Shija, Msukuma wa Magu kama mimi, alikuwa akisema, “Mabula, nikifa hapa usimwambie mama nimeuawa na majani. Mwambie hata ni mamba.” Tulicheka sana na mikono ikiwa imechubuka hadi nyama. Mtakapoandika kwamba majeshi yalivuka Kagera, andikeni kwamba yalivuka kwa sababu kuna watu walisimama majini wakisukuma mafunjo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Rwegasira. Alikuwa Mhaya, Mlutheri, mtoto wa mwalimu, na nyumbani kwao kulikuwa ng'ambo ya mto, katika eneo lilelile lililovamiwa na kutegwa mabomu. Sisi tulikuwa tunasafisha nchi. Yeye alikuwa anasafisha migomba ya mama yake. Sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti, na nidhamu yake ilitutisha kuliko matusi ya maofisa wengine wote.

Alitufundisha kulala kifudifudi na kuchoma udongo kwa sindano ya chuma, kwa mshazari, kamwe si wima, maana ukiichoma ardhi wima sindano inaligonga bomu kichwani, linalipuka. Unachoma, unasikiliza mkono. Jiwe linakwaruza, mzizi unanepa, na bomu linagoma tu. Kisha unafukua kwa vidole polepole kama mtu anayetoa kiazi asichotaka kukichubua. Kijana mmoja akilalamika kwamba tunachelewa, Rwegasira alikuwa akisema, “Bomu halina haraka. Wewe una haraka ya nini?”

Alikuwa na sheria nyingine aliyotukaririsha kama sala. Njia ya kurudi ni ileile uliyojia. Tulitandika utepe mweupe nyuma yetu, na ndani ya utepe ndimo ulimokuwa uhai. Mtu akiumia nje ya utepe, hukimbii kumwokoa. Unalala chini, unachoma udongo, unamfuata kidogokidogo hata kama anakuita kwa jina. Nilidhani hayo ni maneno ya darasani tu.

Baadaye zilikuja mashine zinazolia zikinusa chuma. Tulizifurahia kama watoto. Lakini ardhi iliyopiganiwa imejaa chuma kila mahali, risasi, vipande, misumari ya nyumba zilizoungua, na mashine haijui kutofautisha. Siku moja ililia mahali pamoja kwa nguvu ajabu. Tukaufunga uwanja wote, tukalala, tukachoma, tukafukua kwa jasho hadi mchana ukaisha. Tukatoa kopo la samaki. Samaki wenyewe wamo! Ofisa akaamuru lizikwe tena, kwa heshima zote. Jambo zuri katika kazi yetu ni kwamba aibu ya namna hiyo ndiyo habari njema.

Sasa niwaambie ya Shija, na mwache kutafuna bisi.

Waliovamia walikuwa wameswaga mifugo mingi, na mingine ilibaki ikizurura bila mwenyewe. Asubuhi moja tulikuwa tunasafisha bonde, utepe umefika kama nusu. Upande wa pili wa bonde ng'ombe akaanza kulia. Ninyi mliozaliwa mjini hamjui kilio hicho. Ni kilio cha ng'ombe ambaye hajakamuliwa, kiwele kimejaa hadi kinauma. Kwa Msukuma aliyelelewa zizini, sauti hiyo huiwezi. Hata mimi miguu ilitaka kwenda yenyewe. Sajini alikuwa hatua chache mbele yetu, amelala, uso chini. Shija akaniambia, “Huyu anateseka, Mabula. Ngoja nimkamue tu, narudi.” Nikadhani anatania. Akauvuka utepe akitembea wima, anampigia ng'ombe mluzi, kama yuko kwao Magu.

Hakufika.

Niliinuka nikimbie. Rwegasira akasema, bila kugeuka, “Mabula, lala chini.” Nikalala. Tukaanza kumfuata kwa sindano, yeye mbele, mimi nyuma yake. Shija alikuwa anaongea. Hakuongea habari za mguu wake. Alikuwa anauliza ndama yuko wapi, anatuambia tumwangalie ndama, pengine amelala kwenye majani. Niliomba tufanye haraka. Sajini hakuongeza hata kidogo kasi yake, na njiani alitoa mabomu mawili ambayo mimi ningeyakanyaga. Tulipomfikia Shija alikuwa ameshanyamaza.

Na yule ng'ombe? Jioni alitoka mwenyewe, akapita katikati ya bonde lote akila majani, akatufikia mzima. Hatukujua tumchape au tumkamue. Rwegasira ndiye aliyemkamua, na maziwa akayamwaga chini.

Nimesikia mmoja wenu akisema kwenye video kwamba eneo lile “lilichukuliwa kirahisi”. Kirahisi! Njoo umwambie mama yake Shija. Amekwisha kufa, lakini njoo useme kwenye kaburi lake uone kama ulimi utanyanyuka. Kila mwaka wa kazi yangu uliofuata nilifanya kazi kwa hasira ya siku ile. Vita vilipokwisha wale wenzetu wa nyimbo walirudi makambini, sisi tukabaki mashambani tukichoma udongo. Rwegasira aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu, akafa kitandani kwake na kikombe cha chai mkononi. Kwa watu wa kazi yetu, hiyo ni heshima kuliko nishani.

Sasa nakuja kwa mwenyekiti wenu, Deus. Ameniruhusu nimtaje. Hata asingeruhusu ningemtaja.

Mwezi uliopita nilikwenda Igoma kwa fundi Kulwa, yule anayetengeneza mageti, aniunganishie bawaba ya zizi langu. Nikaingia kwenye karakana nikamkuta Deus amesimama na simu mkononi, anarekodi. Fundi Kulwa amevaa miwani, grenda ya kukatia chuma inaunguruma. Kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, wamebana bomu la mota, lile la kurushwa kwa mzinga mdogo. Si ganda, si kipande. Bomu zima, mapezi yake nyuma, kichwa chake mbele kimeota kutu. Grenda ilikuwa imeshaanza kung'ata rangi ubavuni.

Mguu wangu wa kulia una baridi yabisi, lakini siku hiyo ulisahau. Nilifika ukutani nikang'oa waya wa umeme.

“Mzee vipi?” Kulwa akafoka. “Unaharibu kazi ya watu!”

“Weka grenda chini. Polepole. Usiguse jiriwa.”

“Shikamoo babu,” Deus akasema, huku anacheka. “Usiogope. Tunalipasua katikati ili kwenye maonyesho watu waone ndani lilivyo. Hili limekufa zamani.”

“Limekufa? Nani alikuambia limekufa? Wewe ulikwenda kulizika?”

“Limekaa kwa bibi tangu vita, babu. Limenyeshewa, limepigwa jua, watoto wamelikalia. Lingekuwa zima si lingeshalipuka?”

Hapo ndipo niliposahau umri wangu na staha yangu. Nilimtukana Deus kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipokwisha nikaendelea kwa Kisukuma. Hiyo ndiyo hesabu yenu ninyi wajuzi wa vipenyo! Mnadhani bomu ni kama mzee, likikaa sana linachoka. Bomu halichoki, linaoza. Vile vitu vilivyolizuia lisilipuke ndivyo vinavyoliwa na kutu, baruti yenyewe inabaki ilivyo. Limetulia miaka yote kwa sababu hakuna mjinga aliyelibana kwenye jiriwa akalitia moto ubavuni.

Nikawatoa nje wote. Mnadhani walitoka wakaenda mbali? Wauza spea wakaja, mama ntilie wakaja, vijana wa bodaboda wakaja, kila mmoja ametanguliza simu mbele. Neno bomu, ambalo kila kiumbe chenye akili hulikimbia, Igoma linakusanya watu. Nilisimama mlangoni nimenyanyua bawaba yangu ya zizi nikiapa kwamba atakayepita nampasua kichwa. Kulwa, ambaye alikuwa bado haniamini, aliponiona sibanduki mlangoni ndipo akaamini. Akaanza kunisaidia kuwafukuza.

Mtauliza nililitegua vipi. Sikulitegua. Sina vifaa, macho yangu ni haya mnayoyaona, na Rwegasira hakunifundisha ushujaa, alinifundisha kazi. Bomu bovu mtu mwenye akili haligusi. Anazuia watu wasilikaribie, anasogea mbali, anawaita wenye kazi yao. Tulipiga simu polisi, na baada ya saa za kutosha kumzeesha mtu wakaja wataalamu, vijana wenye umri wa wanangu. Wakalichukua kwa namna ambayo ilinipa furaha kuiona, maana hakuna aliyekuwa na haraka. Wakalipeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, wakalilipua. Sisi tulikuwa bado karakanani. Kishindo kilipofika mabati yakaruka, mbwa wakalia. Kulwa akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la chuma, akaangalia mikono yake yote miwili.

Deus akasema taratibu, “Babu, kumbe lilikuwa zima.”

Nilitaka kumchapa kofi. Lakini nilimwona midomo imekuwa myeupe, nikamwambia ampigie bibi yake, nataka kujua lilitoka wapi. Bibi huyo anakaa Misenyi, peke yake na wajukuu, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Deus akampigia, akaweka spika, akanipa simu.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Naitwa Mabula, mama. Ni askari mstaafu, niko hapa Mwanza na mjukuu wako Deus.”

“Amefanya nini?”

“Ni mzima, mama, usiwe na wasiwasi. Nauliza kile chuma alichokuja kukichukua kwako.”

“Eee! Mwambie akirudishe!” Sauti ikapata nguvu. “Tangu alipokichukua, turubai langu la kuanikia kahawa linapeperuka upande mmoja. Pembe hiyo nimeweka jiwe, na jiwe halitoshi. Upepo wa huku unaujua wewe?”

Turubai, vijana wangu, lina pembe nne.

“Mama,” nikasema, na nilijitahidi sauti iwe ya Rwegasira. “Hizo pembe nyingine umeweka nini?”

“Si vyuma hivyohivyo? Vilikuwa vinne. Marehemu mzee wangu aliviokota shambani tuliporudi kutoka kukimbia vita. Vizito, vinatulia vizuri, havibebwi na upepo wala haviibwi. Ngoja, baba, ngoja kidogo. Mvua hiyo inakuja, acha nikaanue kahawa.”

“Mama, usiviguse! Mama!”

Alikuwa ameshaiweka simu. Tukasikia sandali zake zikienda. Tukasikia anaita watoto kwa Kihaya, na watoto wakija mbio wakicheka. Deus akanipokonya simu, akawa anaita, “Bibi! Bibi!” kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye video zake. Kisha tukasikia chuma kikitupwa juu ya saruji. Karibu sana na simu. Kikabingirika, kikatulia. Kikaja cha pili, kikagonga cha kwanza. Kulwa alikuwa bado sakafuni, akajiziba masikio. Mimi sikuziba. Nilibaki nasubiri cha tatu, na kilipogonga niligundua kwamba nimelala chini kifudifudi kwenye sakafu ya karakana ya Igoma, mzee mzima, kana kwamba kulala kwangu huku kungemsaidia mtu aliye Misenyi.

“Haya baba,” sauti ikasema, inahema kidogo. “Nimerudi. Ulikuwa unasema nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia vyuma hivyo ni mabomu, mazima, na kwamba mwenzao ametoka kulipuka sasa hivi. Nikamwambia atoke na watoto, waende mbali, kwa jirani au kanisani, wasirudi kuchukua kitu.

“Na kahawa? Sijaanua hata nusu.”

“Acha kahawa! Mama, toka! Toka sasa hivi!”

Mvua ikaanza kusikika juu ya bati lake.

“Baba,” akasema, “tuliporudi hapa tuliuliza. Tulisema shambani kuna vyuma. Tukaambiwa vya hatari vimekwisha kuchukuliwa, limeni. Tukalima. Nimezaa, nimezika mume, nimelea wajukuu, vyuma viko hapo uani, na askari wamepita hapa wakinywa maji yangu. Hakuna aliyesema. Leo ndiyo unanifokea mimi, kwa simu?”

Nilikuwa na hasira ya kuwatosha ninyi, na Deus, na Kulwa, na Igoma nzima. Kwa mama huyu sikubakiwa na hata tone. Nilimwomba radhi. Nikamwomba tena, taratibu, kama mtoto anavyomwomba mama yake, atoke.

Akatoka na wajukuu, wakapita kwenye mvua hadi kwa jirani. Wataalamu walifika kesho yake, wakavikuta vyuma vitatu ndani ya mlango, vimeegemea gunia la maharage. Uani walikuta turubai limepinduliwa na upepo, na kahawa yake ya msimu mzima imekwenda na maji hadi migombani.